Mtoto Mtukutu katika Shule ya Awali: Wajibu wa Mchungaji

Utangulizi

Katika sharika zetu nyingi shule ya awali iko hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Kwa hiyo mwalimu anaposhindwa na mtoto, malalamiko hayachelewi kufika ofisini kwa mchungaji. Mtoto wa miaka mitano anawapiga wenzake, anatupa vitu, hatulii mahali pamoja, wala haitiki aitwapo. Wazazi wa watoto wengine wanataka aondolewe. Mwalimu anaomba ruhusa ya kutumia fimbo. Mzee wa kanisa anashauri aombewe mbele ya usharika ili afunguliwe. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kabla ya yote hayo iko kazi moja inayotangulia, nayo ni kuuliza.

Kuuliza kabla ya kuhukumu

Katika Marko 9:14-29 tunasoma habari za baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi, nao wasiweze kumsaidia. Mtoto alipoletwa kwa Yesu alianguka chini mbele ya mkutano. Ndipo Bwana akamwuliza baba jambo hilo lilianza lini (mst. 21). Swali hili hatulihubiri mara nyingi, kwa kuwa tunaharakia muujiza. Lakini kwa swali hilo baba alipata nafasi ya kusimulia mateso ya mwanawe tangu utoto, na hata kukiri upungufu wa imani yake mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wakibishana na waandishi. Bwana alizungumza na mzazi.

Mapokeo yetu nayo yana ushuhuda wake. Martin Luther alisimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alichapwa mara 15 katika asubuhi moja, kwa kushindwa sarufi ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa. Mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule za Kikristo, alizilaumu vikali shule za zamani ambamo watoto walichapwa sana na kujifunza kidogo.

Sababu zilizojificha

Mwenendo mbaya wa mtoto mdogo mara nyingi ni lugha ya yule asiyeweza bado kueleza shida yake. Mtoto ambaye masikio yake hutoa usaha huenda hasikii vizuri, naye huitwa mkaidi. Iko pia namna ya kifafa isiyo na kuanguka: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, asijue lililosemwa. Malaria iliyopanda kichwani yaweza kuacha athari katika kujifunza na katika tabia, hata baada ya homa kwisha. Mtoto mwenye usonji hufadhaishwa na kelele au na mabadiliko ya ghafla. Mwingine ametoka nyumbani bila uji. Mwingine amefiwa na mama, naye hakuna aliyekaa naye kumweleza.

Hatusemi kwamba kila utukutu ni ugonjwa. Tunasema kwamba asiyeuliza hawezi kutofautisha.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mchungaji awatembelee wazazi nyumbani badala ya kuwaita ofisini kama washtakiwa. Aanze kwa kutaja jema alilomwona nalo mtoto, ndipo aulize.

Pili, mwalimu aandike kwa muda wa majuma mawili: tukio lilitokea saa ngapi, nini kilitangulia, na nini kilifuata. Ikiwa mtoto hupiga wenzake kila wakati wa kuingia darasani, hapo pana jambo la kuchunguza.

Tatu, mtoto apelekwe hospitali apimwe masikio na macho. Palipo na mwalimu wa elimu maalumu, kama wale waliosomea Chuo cha Ualimu Patandi huko Tengeru, ushauri wake utafutwe.

Nne, darasani akae karibu na mwalimu, apewe agizo moja fupi kwa wakati mmoja, aambiwe mapema kazi inapotaka kubadilika, na asifiwe papo hapo afanyapo vema. Nyumbani na shuleni wakubaliane juu ya kanuni chache zilezile.

Fimbo na maombi

Wako watakaotukumbusha Mithali 13:24, na methali yetu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Hatukatai kumrudi mtoto. Lakini Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Nayo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, haihalalishi adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto, wala ile ambayo mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa makusudi yake. Kumchapa asiyesikia kwa sababu hakusikia si malezi.

Kuhusu maombi, Bwana mwenyewe aliyataja (mst. 29), wala hayapingani na hospitali. Lakini mtoto aliyetangazwa mbele ya usharika kuwa ana pepo atalibeba jina hilo hadi shule ya msingi, na wenzake watamkumbusha. Tuombe pamoja naye na wazazi wake, nyumbani, kwa upole.

Hitimisho

Mtoto akifutwa katika shule ya usharika akiwa na miaka mitano, wazazi wake nao huanza kuona haya kuja ibadani. Hivyo familia nzima hupotea kwa jambo ambalo pengine lilihitaji dawa ya masikio. Wanafunzi waliowazuia watoto walikemewa na Bwana (Marko 10:13-16). Basi, mwalimu atakapokuja na malalamiko yake, tumsikilize kwa heshima, maana kazi yake ni ngumu. Kisha twende pamoja naye kwa wazazi, tukaulize jambo hili lilianza lini.