Kompyuta kuukuu inapokataa kusoma faili za mpya

KOMPYUTA ya Windows XP, mfumo uliozinduliwa 2001, ikiunganishwa nyumbani na ya Windows 10, mara nyingi hushindwa kufungua faili za mwenzake. Iwapo zote mbili zinaifikia ruta, waya hauna kosa. Kiini ni itifaki: XP hupashana faili kwa SMB1 pekee, ilhali Windows 10, tangu toleo la Oktoba 2017, kwa kawaida huja bila SMB1.

Kuirejesha ni rahisi lakini ni hatari. Mnamo Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipenya kupitia udhaifu wa SMB1, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Ni heri kuhamisha faili kwa diski ya flashi iliyokaguliwa virusi kuliko kumfungulia mwizi mlango.