Macho yasiyotulia: ualbino wa macho, jeni ya GPR143 na haki ya mama

  

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na familia limo hili. Mtoto wa kiume amezaliwa mzima na ngozi yake ni kama ya ndugu zake, lakini baada ya wiki chache macho yake yakaanza kwenda huku na huku bila ya kutulia. Akitolewa juani hufinya macho na kulia. Huenda pia rangi ya macho yake ikawa hafifu kuliko ya wazee wake. Hapo mmoja husema amepigwa jicho, mwengine husema ni shetani, na mwengine, na hili ndilo baya zaidi, huanza kumtazama mama kwa shaka. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa upande wa utabibu na kwa upande wa sheria.

Ni maradhi gani?

Hali kama hiyo ina sababu zaidi ya moja, na daktari wa macho ndiye wa kuipambanua. Moja katika sababu hizo ni ualbino wa macho. Ualbino tuliouzoea kuuona hugusa ngozi, nywele na macho, na humfika mtoto anayepokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama. Huu wa macho ni mwengine. Ngozi hubaki na rangi yake au hufifia kidogo tu, na njia yake ya kurithiwa ni tofauti.

Sababu yake ni kasoro katika jeni iitwayo GPR143, iliyotambuliwa mwaka 1995. Nyuma ya retina ipo tabaka nyembamba ya seli zenye rangi nyeusi. Rangi hiyo, melanini, hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo mno viitwavyo melanosomu. Jeni ya GPR143 hubeba maagizo ya kutengeneza protini ambayo ni kipokezi, yaani kazi yake ni kupokea habari na kuifikisha ndani ya seli. Vipokezi vingi vya jamaa yake hukaa kwenye utando wa nje wa seli, mfano wa mtu aliyekaa barazani akipokea wageni. Hiki hukaa zaidi ndani, kwenye kuta za vile vifuko. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionesha kuwa kinachokiamsha ni L-DOPA, kitu kinachopatikana wakati melanini inatengenezwa. Jeni ikiharibika, vifuko huwa vichache na baadhi yao huvimba kupita kiasi.

Rangi hiyo inahitajika tokea mtoto yumo tumboni. Ikikosekana, ile sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusomea haikamiliki, na nyuzi nyingi za mshipa wa jicho huelekea upande wa ubongo usio wake. Ndiyo maana macho hutikisika, pengine huwa na makengeza, huumizwa na mwanga, na uoni huwa dhaifu hata kwa miwani. Lakini maradhi haya hayampofui mtoto kidogo kidogo. Uoni kwa kawaida hubaki pale pale, na mtikisiko huweza kupungua anapokua.

Yanapitia wapi?

Jeni hii imo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili na mwanamme anayo moja, aliyoipata kwa mama yake. Mama mwenye X moja yenye kasoro kwa kawaida huona vizuri, kwa kuwa ile ya pili humtosheleza, ingawa daktari akimulika nyuma ya jicho lake mara nyingi huona madoa ya rangi isiyo sawa. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu kuyapata maradhi, na kila binti ana nafasi hiyo hiyo ya kuibeba jeni. Baba mwenye maradhi haya hawapi watoto wake wa kiume kabisa, lakini mabinti zake wote huibeba.

Kwa hivyo kuoana binamu siyo sababu ya maradhi haya. Wala mama hana kosa. Huenda naye aliipokea kwa wazee wake, na mara nyengine kasoro huanza upya bila ya kuwahi kuonekana katika ukoo.

Sheria inasemaje?

Imepokewa na Abu Hurayra, katika Bukhari na Muslim, kuwa bedui mmoja wa Bani Fazara alimwendea Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akiwa na shaka kwa sababu mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza kuhusu rangi ya ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu, lakini wamo wa kijivu. Alipoulizwa hao wametoka wapi, mwenyewe akasema huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Mtume akamjuulisha kuwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo.

Wanavyuoni wamechukua hapa kuwa tofauti ya rangi peke yake si sababu ya kumkana mtoto. Mtoto hunasibishwa na ndoa aliyozaliwa ndani yake, na kumsingizia zinaa mwanamke aliyejihifadhi ni katika madhambi makubwa. Mume anayemwacha mke kwa ajili ya macho ya mtoto anamdhulumu mama na mtoto pamoja.

Tufanye nini?

Mtoto apelekwe kliniki ya macho mapema. Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, basi msitoe pesa kwa anayeahidi kuyaponya, wala asitiwe kitu machoni bila ya daktari. Kumsomea mtoto Qur-aan ni kheri, lakini kusiwe badala ya miwani. Kofia pana na miwani ya jua humpunguzia tabu ya mwanga.

Walimu wa skuli na wa chuo tunawaomba wamkalishe mbele na wampe msahafu wa maandishi makubwa. Akiinamisha kichwa upande anaposoma, asipigwe wala asilazimishwe kukinyoosha, kwani ndipo macho yake yanapotulia. Abdullah bin Ummi Maktum (Radhiya Allahu anhu) alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume na aliachiwa Madina kuisimamia. Mwenye uoni dhaifu hana cha kumzuia kuhifadhi na kusomesha.

Tunamuomba Allah awape subira wazee wa watoto hawa, na azitakase nyoyo zetu na dhana mbaya. Wallahu aalam.