Kiti cha Magurudumu na Njia za Tarime

Mwenye kuzifahamu njia za milimani Tarime, au udongo mweusi wa Serengeti baada ya mvua za masika, atakubaliana nasi kwamba kiti cha magurudumu cha kawaida kiliundwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali. Kutoka Sirari hadi Tarime mjini ipo lami, lakini nyumba nyingi ziko mbali nayo. Basi mtoto aliyepooza miguu huletewa kiti kwa hisani, nacho kikaishia uani. Shuleni na msikitini hubebwa mgongoni, na siku uzito wake unapoushinda mgongo wa mama, haendi tena.

Tatizo hili alikutana nalo Amos Winter, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, alipokuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti vya walemavu. Alikuta kiti cha kawaida kinafaa ndani na kuchosha njiani. Baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono inafaa barabarani, lakini haipiti mlangoni. Ajabu ni kwamba utafiti wake wa uzamivu ulihusu roboti inayochimba mchanga wa bahari kwa kuiga kombe! Hata hivyo, swali la Tanzania hakuliacha.

Jibu lake lilikuwa kiti chenye fimbo mbili ndefu, moja kila upande, zinazosukumwa kwa mikono na kuzungusha magurudumu kwa mnyororo. Penye kilima mtumiaji hushika juu ya fimbo, akapata nguvu. Penye tambarare hushika chini, akapata kasi. Gia ni mikono yake mwenyewe. Akiingia nyumbani huzichomoa fimbo. Na kwa kuwa sehemu zinazozunguka ni za baiskeli, fundi baiskeli wa Mugumu anaweza kuzitengeneza.

Lakini kiti cha kwanza kilichojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009 kilikuwa na kasoro. Kilikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, tena kipana. Njiani kilisifiwa, ndani ya nyumba kilisumbua, na watumiaji wakamwambia hivyo waziwazi. Hapa ndipo tunapompa heshima yake mtafiti huyu, kwani wangapi tumewaona wakikabidhi msaada, wakapiga picha, wasirudi kuuliza? Kiti kilichopelekwa Guatemala mwaka 2010 kilikuwa chembamba zaidi, na kilikuwa kimepunguzwa kilo 9 hivi.

Winter baadaye akawa mwalimu MIT, akaendelea na utafiti wa miguu ya bandia kwa ajili ya India. Wenzake wengine wa fani hii wamefika mbali: mwaka 2004, huko Marekani, mtu aliyepooza mwili alisogeza mshale wa kompyuta kwa fikra tu, kwa kifaa kilichopandikizwa ubongoni. Hayo bado yako mbali na Nyamongo.

Kwa sasa, mzazi anayeahidiwa kiti na apime upana wa mlango wake, aitazame na njia ya shuleni, kisha amweleze mtoaji kabla kiti hakijanunuliwa.