Kwa Nini Tangazo la Ploti Linakufuata Hadi Syokimau

Umetafuta bei ya ploti pale Katani mara moja tu. Kesho yake ukifungua Facebook, ploti. Ukienda Instagram, ploti tena, na baada yake tangi la maji na mkopo wa kujenga. Ndiyo maana wengi huuliza: kwani hii simu inanisikiliza?

Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wamekuwa wakikana kwamba wanatumia maikrofoni ya simu kuchagua matangazo. Na kusema kweli, hawahitaji kukusikiliza. Zaidi ya asilimia 95 ya mapato yao hutokana na matangazo. Hulipi hata shilingi kufungua akaunti, lakini unaacha alama kila unapopita, na alama hizo ndizo biashara yenyewe.

Wanajua nini kukuhusu?

Kwanza ni yale uliyojaza mwenyewe: umri, kazi, mtaa, nambari ya simu. Pili ni unayofanya: kurasa unazofuata, video unayotazama hadi mwisho, tangazo ulilobonyeza. Tatu ni mahali ulipo. Simu inayoonekana Syokimau kila usiku na katikati ya Nairobi kila mchana haihitaji mganga kueleza unaishi wapi na unafanya kazi wapi.

Nne ndiyo wengi hawaijui. Tovuti nyingi za biashara zimewekewa kipande kidogo cha programu kinachoipasha Meta au Google habari kwamba umefungua ukurasa fulani. Ndiyo maana ploti uliyoitazama kwingine inakungoja Facebook.

Muuzaji anakupataje?

Chukua mfano wa mtu anayeuza matangi Mlolongo. Anachora duara la kilomita chache kuzunguka Syokimau, anachagua umri, anachagua watu wanaopenda mambo ya ujenzi, kisha analipa. Hapewi jina lako wala nambari yako. Mtandao unabaki na data yako na kumuuzia nafasi ya kukufikia.

Kuna njia nyingine, na hii inahusu laini yako moja kwa moja. Duka ambalo uliliachia nambari yako linaweza kupakia orodha ya wateja wake kwenye mtandao. Nambari hizo hugeuzwa kuwa msimbo, kisha zinalinganishwa na zile ambazo watu walifungulia akaunti. Zikifanana, wewe ndiye utakayeona tangazo. Kwa hivyo nambari yako ya simu haipokei pesa tu. Inaunganisha maisha yako ya dukani na yale ya mtandaoni.

Hapa ndipo pesa zako zinapoingia

Chombo hiki hakichagui mtumiaji. Muuzaji mwaminifu anakitumia, na tapeli pia anaweza kukilipia. Naye atakupata siku ileile unayotafuta ploti, ukiwa na hamu na akiba tayari. Tangazo linaonekana kama limetumwa na mtu anayekufahamu, basi unalegeza kamba. Lakini tangazo kukufahamu si ushahidi kwamba muuzaji ni wa kweli. Ni ushahidi tu kwamba kuna mtu amelipia ulione.

Wakazi wa Syokimau wanajua uchungu wa ardhi. Novemba 2011, nyumba za watu zilibomolewa kwa madai kwamba ziko kwenye ardhi ya uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa na karatasi mkononi. Ikiwa aliyeshika karatasi aliumia, je, aliyeona picha tu kwenye simu?

Kwa hivyo, kabla ya kutuma "deposit":

- Usilipe kupitia nambari uliyopewa ndani ya tangazo au "inbox" kabla hujaifika ofisi na kuiona ploti.
- Fanya "search" katika sajili ya ardhi kwanza.
- Soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo. Kampuni inajiita hivi na pesa zinaenda kwa mtu binafsi? Simama hapo hapo.
- Ukiambiwa ofa inaisha leo saa kumi, wacha iishe.

Punguza alama unazoacha

Bonyeza vidoti vitatu juu ya tangazo la Facebook ili uone kwa nini umeonyeshwa. Kwenye mipangilio ya akaunti, tenganisha habari zinazotoka tovuti nyingine. Kwenye Android, tafuta sehemu ya matangazo ya Google na ufute kitambulisho cha matangazo. iPhone tangu 2021 hukuuliza kama programu iruhusiwe kukufuatilia. Una haki ya kukataa. Programu ya tochi haina haja ya kujua ulipo, izime. Matangazo hayataisha, ila hayatakuwa na mengi ya kukuhusu.

Sheria iko upande wako

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, na ya kukataa isitumiwe kukuuzia vitu. Si maneno matupu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao wa kijamii bila idhini yake. Wakati huohuo, kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwa wengine ili kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Duka likikuomba nambari, uliza ni ya kazi gani. Ukiona imetumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna. Na kama umeshatuma pesa na sasa unashuku, tupigie mara moja. Kila dakika unayongoja, tapeli naye anazitoa.