Kupumua, kupumzika na kupoza: maneno ya utulivu Masisi na Walikale

Karatasi moja ya ushauri iliyogawiwa kwa wakimbizi wa ndani iliwataka wasomaji «wadhibiti msongo wa mawazo kwa mazoezi ya upumuaji». Nilimsomea mama mdogo, aliyekimbia Masisi-centre Januari 2025 M23 walipouchukua mji. Akaniuliza: «Upumuaji ni nini, mutoto yangu?» Nilipomjibu kuwa ni kupumua tu, akacheka. «Kupumua tunajua.»

Alicheka kwa haki. Karatasi ile ilimfundisha jambo ambalo lugha yake inalijua siku nyingi. Tazama mzizi -pum-: pumzi, pumua, pumu, kisha pumzika. Kupumua na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kilingala hata hawakutengana: kopema ni kuvuta pumzi, na pia ni kupumzika. Kinyarwanda, kinachosemwa na wengi Masisi, kina guhumeka, kwa kuwa p ya Kiswahili mara nyingi hukutana na h ya huko: kupa na guha, kupita na guhita. Na tukigeukia maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu, roho, raha na starehe yote yametoka katika mzizi mmoja, ule unaozaa pia neno lao la upepo. Jamii mbili za lugha zisizo na undugu zimeona jambo lilelile.

Desturi yenyewe unaiona kwenye mlima wa kutoka Sake kwenda Mushaki. Msukuma chukudu, au mama aliyebeba gunia mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, akifika mahali pa tambarare hutua mzigo na kutoa pumzi ndefu yenye sauti kabla ya kusema lolote. Wapagazi waliokuwa wakitoa kasiterite Bisie, Walikale, kwa mgongo kupitia msituni, nao wasingefika bila vituo vya namna hiyo. Madaktari wanaeleza kwamba tunapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua, kwa sababu neva ya vagasi huuambia moyo upunguze mwendo. Kinachofaa zaidi ni kutoa kuliko kuvuta. Ningekuwa mwandishi wa karatasi ile, ningeandika: «Tua mzigo, toa pumzi, kisha sema.» Kila mtu angeelewa.

Neno la pili ni pole. Tunalitumia sana hata hatulisikii tena. Liko karibu na poa, poza na mpole: kitu kilichokuwa cha moto kimepungua joto. Kinyarwanda kinaonyesha njia hiyohiyo kwa sauti zake, p ikiwa h na l ikiwa r: chakula kinapopoa ni guhora, na kumbembeleza mtoto anayelia ni guhoza. Kwa hiyo anayekuambia pole hakuombi msamaha; anakupoza. Ndiyo sababu salamu za vijijini ni ndefu. Umelalaje, watoto wako namna gani, shamba, ng'ombe, wagonjwa. Rafiki zangu wa mjini huona ni kupoteza muda. Mimi naona kila swali linampa aliyetoka mbio nafasi ya kujibu jambo dogo analoliweza, kabla hajaulizwa kuhusu risasi.

Jambo la tatu halina neno moja: kukaa pamoja mikono ikiwa na kazi. Kupukuchua maharage, kuchambua mboga, kuimba kwaya. Mwaka 1956, Candi Rureke, Mnyanga wa Walikale, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, ambao Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Rureke hakukaa kimya akiamuru maandishi. Aliimba, alicheza, wenzake wakagonga mdundo na wasikilizaji wakaitikia. Kuitikia wimbo ni kutoa pumzi ndefu kwa pamoja, kila mara baada ya muda uleule. Mama mdogo, katika nyumba ya watu waliompokea, hupukuchua maharage yasiyo yake kila jioni na wanawake wa nyumba ile. Anasema ni saa hiyo tu ambapo mawazo mingi yanamwacha.

Sisemi kwamba pumzi itafungua barabara, wala kwamba aliyepoteza shamba anahitaji kuelezwa asili ya neno pole. Tena maneno haya yana upande mwingine. Ihorere ya Kinyarwanda, kama nyamaza yetu, humfariji mtoto kwa kumwambia akae kimya, na mtu mzima aliyeona mauaji huambiwa vilevile. Nimeisikia nyamaza hiyo msibani, ikisemwa kwa upendo mkubwa kwa mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza. Pole haikumkatiza. Baada ya pole ya jirani aliyekaa karibu naye, aliendelea kusema hadi usiku.