Kiwanja cha watoto: fedha ikusanywe kwa avenyu, si kwa kabila

Mtu akifika Goma kwa mara ya kwanza hushangaa kuona watoto wakicheza mpira juu ya mawe meusi. Mawe hayo yaliletwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava iliposhuka hadi katikati ya mji, ikapita Mapendo, Murara na Les Volcans, ikaingia ziwani Kivu. Watu walirudi wakajenga nyumba juu ya mawe yale yale. Wakajenga shule, makanisa na maduka. Viwanja vya watoto ndivyo vilivyobaki nyuma, kwa sababu kiwanja hakina mwenyewe wa kukililia.

Katika kazi yetu tumesindikiza wakaaji waliotaka kutengeneza kiwanja chao kwa michango yao. Swali la kwanza tunaloulizwa kila mahali ni hili: mashirika yana fedha, kwa nini tutoe sisi ambao hata chakula cha jioni ni shida? Swali ni la haki, na hatulijibu kwa hotuba. Tunawaomba watu wakumbuke bembea na miti ya goli iliyowahi kuletwa na wageni katika mitaa yao, na iko wapi leo. Mara nyingi mbao ziliishia jikoni na mabomba ya chuma yakauzwa kwa kilo, na majirani waliona wala hawakusema neno. Kitu kilikuwa cha shirika, basi shirika lije lilinde.

Lakini mchango wa wakaaji wenyewe unaweza pia kuharibu mtaa, na hilo tulijifunza kwa aibu. Katika kartie moja ya kaskazini ya mji, ambayo sitaitaja, kiwanja kilikuwa kati ya avenyu za wenyeji wa zamani na avenyu zilizojaa watu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Vijana walikuwa wakirushiana mawe karibu kila Jumapili. Tulipoanza kukusanya tulichagua njia ya haraka, yaani mutualite. Kila kabila hapa lina mutualite yake, ina rais, ina karani, ina desturi ya kuchanga kwa ajili ya msiba na arusi. Tukapeleka barua kwa marais wote, na katika wiki tatu fedha ikawa nyingi kuliko tulivyotazamia. Sisi tulifurahi na kuandika ripoti nzuri.

Furaha haikudumu. Mutualite iliyotoa zaidi ilitaka watoto wake wawe na siku zao za kucheza. Nyingine ikauliza kwa nini orodha imebandikwa ukutani kwa majina ya makabila, kana kwamba ni mashindano. Kufika mwezi wa pili, kiwanja ambacho hakijapata hata jiwe moja lililovunjwa kilikuwa tayari kimegawanywa mafungu manne katika vichwa vya watu. Tulikaa na washefu wa avenyu na wamama wa soko, tukaamua kurudisha fedha yote. Kurudisha mchango ni kazi ngumu kuliko kuuomba. Wengine walidhani tumekula nusu, na mzee mmoja alihesabu noti zake mbele yetu mara tatu.

Tulianza upya kwa nyumba kumi. Katika mji huu nyumba kumi zinazopakana ni mchanganyiko: Mnande, Mhunde, Mshi, Mhutu, Mtutsi, Mrega, wote wanatumia bomba moja la maji na wote wanajua nani hana kazi. Kila nyumba kumi ilichagua watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wapite pamoja kila Jumamosi baada ya salongo. Kiasi kiliwekwa kidogo kabisa, noti ya franka 500 kwa nyumba, na aliyetaka kuzidisha aliruhusiwa bila jina lake kutangazwa. Daftari liliandika avenyu na namba ya nyumba tu. Ilichukua muda mrefu mara nne kuliko ile njia ya kwanza. Hata hivyo, ule muda ndio uliofanya kazi ambayo sisi tulikuwa tukiandikia miradi: watu wasiosalimiana walilazimika kubisha hodi kwenye milango ya wenzao kila wiki.

Asiye na fedha asiachwe nje, maana kesho ataambiwa kwamba mtoto wake hana haki. Mawe yetu yanatoa nafasi. Wamama wanaovunja mawe ya lava kuwa changarawe ya kuuza walivunja miinuko ya kiwanja, sehemu moja ya changarawe ikasawazishia uwanja, sehemu nyingine ikauzwa kwa wajenzi na bei yake ikaingia kisandukuni. Wenye chukudu walibeba mchanga. Wavuvi walitoa nyavu za sambaza zilizochakaa kwa ajili ya goli. Vyote hivyo viliandikwa katika daftari lile lile, kwa siku za kazi na kwa safari za chukudu, wala si chini ya kichwa cha «misaada midogo».

Kabla ya kuvunja jiwe la kwanza, tafuteni karatasi za kiwanja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na ile iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi kama haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Ndivyo ilivyoandikwa. Katika maisha, nafasi tupu mjini ni kama nyama bila mlinzi, na ikisha kusawazishwa bei yake inapanda. Shefu wa kartie aandike kwamba nafasi ni ya wote, wakaaji watie sahihi, nakala ipelekwe komini na kwa ofisi ya ardhi, na aliyeipokea atie muhuri na tarehe juu ya nakala yenu. Muhuri huo hauzuii kila mwizi, lakini unampa hakimu kitu cha kusoma.

Jambo jingine linalosahauliwa ni mazuku. Sehemu nyingine za Goma, hasa upande wa magharibi, hutoa hewa mbaya ya kaboni kutoka ardhini. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hulala mabondeni. Mbuzi hufa, na mtoto aliyeinama kuokota mpira anaweza kufa hapo mtu mzima anaposimama bila kusikia kitu. Kwa hiyo msichimbe shimo la mchanga wala msichague bonde kwa sababu tu halina mawe. Ulizeni kwanza watu wa Observatwari ya Volkano ya Goma. Kama kiwanja kina shimo, mchango wa kwanza kabisa uende kulijaza.

Kuhusu kutunza fedha, tulichukua desturi ya vikundi vya AVEC: kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa avenyu tofauti, na kisanduku kwa mtu wa nne. Ni desturi nzuri, nayo ina kasoro yake. Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wakaamriwa kuhama. Ufunguo mmoja ulikwenda Sake, wa pili Rutshuru, wa tatu Gisenyi. Kisanduku kilibaki chini ya kitanda. Hakuna aliyeiba, lakini mtoto wa mmoja wa washika funguo aliugua huko njiani, na mama yake hakuweza hata kukopa mchango wake mwenyewe. Tangu hapo kanuni inasema nini kifanyike watu wakikimbia.

Wengine walisema basi fedha iende benki. Januari 2025, vita ilipofika ndani ya mji na M23 ikauchukua, benki zilifunga milango, na waliokuwa wameweka humo walibaki na karatasi. Mimi sasa nashauri fedha isikae popote. Ikitosha mabomba mawili, nunueni mabomba mawili, yafukieni kwa saruji siku ile ile, na msomee watu hesabu hapo hapo kiwanjani, kwa sauti, kwa sababu wengi hawasomi orodha ya ukutani na wanaosoma huogopa kuuliza.

Katika kartie ile niliyoitaja, miti ya goli imesimama na bembea tatu zinafanya kazi. Kona moja ina mtu aliyekuja na cheti chake siku tulipomaliza kusawazisha, na kesi haijaisha. Tuliweka mawe yaliyopakwa chokaa kama mpaka, na ng'ambo ya mpaka hatukujenga kitu. Mpira ukiingia kule, watoto wamekubaliana wenyewe kwamba anayeufuata ni mmoja tu, kwa mguu mtupu, na mchezo unasimama mpaka arudi.