Ukiomoka Utanunua Ndege? Ngoja Kwanza Tupige Hesabu

Kama umekulia Changamwe ama Port Reitz, hii unaijua. Mko maskani mnapiga stori, ndege inashuka kutua Moi International, mnanyamaza kidogo ipite. Halafu lazima kuna msee atasema: "Mimi nikiomoka, nanunua yangu." Mnacheka. Lakini tuseme ameomoka kweli. Ataiweza?

Jeti tuziache. Tuchukue kale kadogo, Cessna 172, propela moja, viti vinne. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 50, hakuna ndege iliyoipita kwa wingi. Mpya inapita milioni 50 za Kenya. Ya miaka ya 70, huko Marekani, unaweza kupata kwa kama milioni 10, na bado hujaileta.

Wengi hudhani hapo kazi imeisha. Kumbe ndio inaanza.

Mafuta. Inakunywa kama lita 35 kwa saa, na si ile petroli ya mathree. Ni avgas, mafuta yake spesheli. Mombasa mpaka Nairobi ni kama saa mbili, so hiyo ni lita 70 kwenda pekee. SGR ya kawaida ni 1,500.

Injini. Matatu ikizima Kibarani unaisukuma kando, unaita fundi. Huko juu hakuna kando. Kwa hivyo ndege inakaguliwa kila mwaka, na ikiwa ya biashara ama mafunzo, kila saa 100 za kuruka. Fundi lazima awe na leseni, jua kali haiingii hapa. Ikifika saa 2,000 injini inafunguliwa yote, na hiyo ni mamilioni. Hata usipofikisha hizo saa, watengenezaji wanasema ifunguliwe baada ya miaka 12.

Chumvi. Hii ni yetu watu wa Pwani. Angalia mabati ya Likoni vile yanaliwa na upepo wa bahari. Ndege ni alumini, nayo inaliwa vilevile. Ikikaa wiki nyingi bila kuruka, kutu inaingia mpaka ndani ya injini. So unalipia hanga, unalipia kuoshwa, na bado lazima uirushe.

Bima na maegesho. Ukitua unalipa, ikilala uwanjani unalipa. Bima nayo si ya ndege yako tu. Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, na watu watatu waliokuwa chini wakafariki. Hawakuwa hata abiria. Ukimiliki ndege, watu wa chini pia ni jukumu lako.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme bima, hanga, ukaguzi na vibali vinakula milioni moja kwa mwaka. Huo ni mfano tu. Ukiruka saa 100, kila saa imebeba 10,000 kabla ya mafuta. Ukiruka saa 20 tu, kila saa imebeba 50,000. Yaani ukiitumia kidogo ndio kila saa inakuwa ghali zaidi. Mwenye tuktuk akiona mambo magumu anaiegesha, gharama inapungua. Ndege ukiiegesha inaendelea kula.

Najua utamu wake. Foleni ya feri Likoni imesimama, wewe unaipita kwa juu, dakika kama 10 uko Ukunda. Mimi mwenyewe nimeota hiyo siku nyingi.

Lakini kama unachopenda ni kuruka, si lazima umiliki. Leseni ya rubani binafsi unaweza kupata kuanzia miaka 17, ukipita daktari, mitihani, na angalau saa 40 za kuruka. Baada ya hapo unakodi kwa saa, na mwenye ndege anabaki na stress zake za kutu. Ama mfanye vile mnanunua tuktuk kwa chama: watu watano, ndege moja, bili mnagawana, na yenyewe hailali.

Ile siku yule msee wa maskani ataomoka, mtumie hii kabla hajalipa deposit.